Upepo Tulioulilia Kabla Haujafika

Nilifunga safari kwenda kwa mdogo wangu Minza kwa sababu mume wake alinipigia simu asubuhi na kunipa habari ambayo sikukubali kuipokea. Alisema, "Shemeji, Lukasi hatunaye tena."

Lukasi ni mtoto wao wa kwanza, mwalimu wa shule ya msingi kisiwani Mafia. Shule zilikuwa zimefunga, naye alikuwa amemwahidi mama yake kwamba angevuka kwa boti mpaka bara, kisha apande basi la kuja huku kwetu. Wiki hiyo hiyo redio, televisheni na simu za watu zilijaa habari moja tu: kimbunga kiko baharini na kinaelekea pwani ya nchi yetu.

"Petro," nikamwuliza shemeji yangu, "nani amekwambia?"

"Redio."

"Imemtaja Lukasi?"

"Haikumtaja. Imetaja kimbunga, imetaja Mafia. Na simu yake haipatikani. Tumekwisha kufunga turubai, Shemeji. Njoo."

Nilimpigia Lukasi mwenyewe. Haikupatikana. Nikapiga tena baada ya kunywa chai, ikawa vile vile. Basi nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamweleza Mungu kwamba sijui mtoto yuko wapi lakini Yeye anajua, na kwamba sitamwita marehemu mtu ambaye sijapewa habari zake. Niliposimama nilikuwa nimeshaamua kwenda.

Mke wangu alikuwa ameanza kupanga mkoba. Akaweka shuka zito, lile tunalolalia kwenye misiba.

"Hilo liache," nikamwambia.

"Utalala juu ya nini, Baba Neema? Msibani watu wanalala chini."

"Siendi msibani. Nakwenda kwa Minza."

Alinitazama, akalitoa, akaweka koti. Hakubishana. Tumeoana miaka mingi na anajua sauti yangu ya kubishana na sauti yangu ya kukata shauri.

Kirumba, saa za asubuhi, nilishuka mpaka sokoni Mwaloni kumtafuta Yusufu, muumini mwenzetu anayepeleka chumvi na magunia matupu kwenye mialo ya wavuvi upande wa Sengerema. Nilimkuta anapakia. Wakati namsubiri, mama mmoja muuza dagaa alinisalimu.

"Shikamoo babu. Umesikia? Kesho kiko hapa."

"Marahaba. Kiko hapa nini?"

"Kimbunga. Mwanangu kaona kwenye simu."

Mwenzake aliyekuwa anashona mdomo wa gunia akacheka. "Kitapita wapi kufika Mwanza? Kitapanda basi, kishuke Shinyanga kunywa soda?"

"Wewe cheka. Na ulivyo mwembamba kama hao dagaa wako, utakuwa wa kwanza kupaa."

"Nikipaa nitakuletea habari za huko juu."

Walicheka wote, na mimi nikacheka, ingawa moyo ulikuwa mzito. Lakini niliona pia kwamba yule aliyekuwa akicheka zaidi alishona gunia lake haraka haraka, na mara kwa mara aliinua macho kuangalia upande wa ziwa.

Ndani ya gari, Yusufu aliwasha redio. Mtangazaji alikuwa na sauti ya kukimbia. Nyuma yake walikuwa wameweka mlio wa upepo, ule unaotengenezwa kwa mitambo, ukivuma na kupasuka. "Msikilizaji, usibanduke hapo ulipo!" alisema, kisha likaja tangazo la magodoro. Baada ya magodoro akaletwa mtaalamu wa hali ya hewa. Huyu alizungumza polepole kama mtu anayesoma hesabu za kanisa. Alieleza kwamba kimbunga bado kilikuwa baharini, kwamba kilitarajiwa kukaribia Mafia kesho yake, kwamba kinaweza kupungua nguvu, na kwamba wenye vyombo vya majini wasitoke.

"Mzee," Yusufu akasema, "huyu wa kwanza ananitisha, huyu wa pili ananipa usingizi. Nimsikilize yupi?"

"Ongeza sauti ya huyu wa pili."

Nilitaka kusikia lile neno "kesho" mara nyingine. Kama kimbunga kingefika kesho, pale kwa Minza walikuwa wamefunga turubai kwa ajili ya nini leo?

Usagara tulisimama kwenye njia panda kununua maji. Basi kutoka Dar es Salaam lilikuwa linashusha abiria. Niliwaendea, nikauliza kama kuna mtu aliyetoka upande wa Rufiji, maana boti za Mafia hutia nanga Nyamisati, kwenye delta ya Rufiji. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akajibu kwamba yeye ametoka huko huko.

"Boti zinavuka, mama?"

"Zimezuiwa, babu. Tangu juzi. Watu wamejaa gatini na mizigo yao, wanagombana na maofisa. Wanasema jua linawaka, upepo hakuna, tunazuiwa kwa nini?"

"Tangu juzi asubuhi au jioni?"

Alifikiri. "Hapo sijui. Mimi nilikuta zimekwisha kuzuiwa."

Juzi ndiyo siku ambayo Lukasi alimwambia mama yake kwamba angepanda boti. Kama walizuia asubuhi, alikuwa salama kisiwani. Kama walizuia jioni, huenda alikuwa ameshaondoka, na mtu aliyefika bara angekuwa ameshapiga simu. Nilimshukuru yule mama, nikarudi garini na nusu ya habari. Nusu ya habari ni mzigo mbaya kuubeba, lakini niliazimia nisiitupe na nisiijazie mwenyewe.

Kigongo, karibu na mwanzo wa daraja, kijana mmoja alikuwa amesimama mgongo kwa ziwa, simu ameinua mbele ya uso wake. Alikuwa akipaza sauti: "Ndugu watazamaji, mnaona kwa macho yenu, kimbunga kimeshaingia Ziwa Victoria!" Nyuma yake lilikuwepo wingu jeusi, la kawaida kabisa, kama yale yanayotujia siku zote kutoka ziwani.

Nilishuka. "Kijana, hilo ni wingu la mvua."

"Shikamoo mzee. Najua."

"Marahaba. Sasa kwa nini unasema ni kimbunga?"

"Mzee wangu, wingu la mvua nani ataliangalia?" Kisha akaniambia kwa adabu kabisa, "Samahani, sogea kidogo. Umeingia kwenye picha, na unaonekana umetulia sana. Unaniharibia."

Nilimweleza kwamba upande wa pili wa maji hayo kuna mama ambaye huenda atapelekewa picha hiyo, naye ana mtoto Mafia. Aliteremsha simu. Sijui kama aliifuta. Yusufu alikuwa anapiga honi.

Zamani hapa tulingoja kivuko, wakati mwingine tangu asubuhi mpaka jua linazama, na watu wa pande zote mbili walipata nafasi ya kupeana habari na kuzichambua. Sasa tulivuka Busisi kabla sijamaliza sala fupi. Namshukuru Mungu kwa daraja. Ila niliona kwamba habari nazo siku hizi zinavuka kwa kasi hiyo hiyo, na hakuna anayezikagua upande wowote.

Alasiri tulifika kijijini kwa Minza. Kabla ya kuona turubai niliona mitumbwi. Ilikuwa imevutwa nchi kavu yote, na taa za kuvulia zimerundikwa kando. Zilikuwa siku za giza, mwezi haupo, siku ambazo dagaa hufuata taa na kila mwenye mtumbwi hutoka. Lakini pale, ukitokea msiba wa maji, hakuna anayeshika nyavu mpaka mwili uonekane au wazee waseme basi. Mwalo mzima ulikuwa umekaa kwa ajili ya Lukasi.

Mwenyekiti wa mwalo, Mzee Magesa, Mkerewe wa rika langu, alikuja ameninyooshea mikono miwili. "Pole sana, mzee mwenzangu."

"Pole ya nini?"

Mikono ikabaki hewani. "Ya mtoto."

"Mtoto amefanya nini?"

Wanaume waliokuwa kwenye mabenchi wakageuka. Petro akasimama. Mzee Magesa aliketi, akaniashiria niketi, akaongea kama mtu anayemvumilia mgonjwa. "Sikiliza. Redio imetaja upepo mkubwa na imetaja mahali alipo. Sisi huku upepo hautangazwi. Unakuja, unapindua, unaondoka, na bado hujamaliza kukunja tanga. Ukisikia watu wanazungumza habari ya upepo, ujue umekwisha kupita na watu wanatafutwa."

Hapo ndipo nilipoelewa. Hawakuwa wajinga, wala hawakuwa na haraka ya kulia. Maisha yao yote hawajawahi kusikia habari ya upepo ambao haujavuma bado. Walisikia onyo wakadhani ni taarifa ya vifo.

"Mzee Magesa," nikasema, "upepo huo haujafika Mafia. Uko mbali baharini. Kuna watu kazi yao ni kuuangalia ukiwa huko, na kuwaambia wengine wakae mbali na maji."

"Unataka kusema redio inatangaza kitu ambacho hakijatokea?"

"Ndiyo."

"Huo si unabii?"

"Si unabii. Ni kazi, kama wewe unavyoangalia maji ukajua dagaa wako wapi. Na wakati mwingine wanakosea, kama wewe."

Mvuvi mmoja akacheka nyuma, akanyamazishwa. Lakini Petro alikuwa amekasirika. "Basi simu yake mbona haipatikani? Unanipa matumaini kwa nguvu gani, Shemeji? Watu wamekuja, mbuzi amekwisha kuchinjwa, kesho mke wangu ananyolewa nywele za msiba. Niwaambie warudi nyumbani kwa sababu wewe umesikia neno 'kesho'?"

Lilikuwa swali la haki. Nilimwambia ukweli, na mbele ya wote: kwamba boti zimezuiwa, kwamba sijui kama Lukasi alizuiwa nazo au alitangulia, kwamba anaweza kuwa hai na anaweza kuwa hayupo. "Sikuombi ufurahi," nikasema. "Naomba asinyolewe mtu. Naomba tungoje."

Mzee Magesa alitafakari muda mrefu. Mwishoni akasema turubai libaki, watu wabaki, lakini kilio kisimame. Petro alitoka chini ya turubai. Alikwenda kukaa peke yake karibu na mtumbwi wake.

Ndani, Minza alikuwa ameketi kwenye mkeka kati ya wanawake, hajala tangu habari ilipofika. Alinisalimu kwa sauti iliyokauka.

"Shikamoo kaka. Usinifariji."

"Marahaba. Sijaja kukufariji. Nimekuja kukaa mpaka tupate habari yake."

"Na ikiwa mbaya?"

"Itatukuta tumekaa pamoja."

Nikamweleza niliyowaeleza wanaume. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza hakushukuru, wala hakulia. Aliomba uji. Akanywa nusu, akaomba redio ya Petro ihamishiwe ndani. Jioni tuliomba wote, na niliwaongoza kuwaombea wasafiri na watu wa pwani, nikiwataja wakiwa hai.

Siku ya pili, adhuhuri, redio ilisema kimbunga kimefika. Mafia ilikuwa inapigwa na upepo na mvua, miti imeanguka, umeme umekatika sehemu nyingi. Hawakuweka mlio wa mitambo safari hii. Hata yule mtangazaji wa kukimbia alisoma taratibu.

Wote walinigeukia. Mimi ndiye niliyewaambia kwamba upepo haujafika, na sasa ulikuwa umefika, na mtoto wao alikuwa ndani yake au chini ya maji. Nilikuwa nimewaondolea msiba, nikawaachia hofu. Nilitoka nje, nikasimama kwenye mchanga, nikaomba bila maneno, maana maneno yalikuwa yameniishia. Ziwa lilikuwa tulivu kama maji ya beseni.

Minza alinifuata. "Kaka," akasema, "jana nililia nikachoka, nikaona nimemaliza. Leo ndiyo naogopa. Kulia kulikuwa rahisi."

"Unajuta kwamba nimekuja?"

"Hapana. Ila usiondoke."

Sikuondoka. Tulikaa mchana ule wote na redio katikati yetu. Ajabu ni kwamba watu hawakutawanyika. Waliokuwa wamekuja kulia walibaki kungoja, na kungoja kukawatoa jasho kuliko kilio. Mwanamke mmoja mzee, ambaye hajawahi kuiona bahari, aliuliza kama watu wa huko nao wana turubai la kukaa chini yake. Nikamwambia sijui. Akasema basi tuwaombee na hilo.

Siku ya tatu, asubuhi, simu ya Minza iliita. Namba ilikuwa ngeni. Aliitazama, akanipa, akaninyang'anya kabla sijaipokea.

"Haloo?"

"Mama, shikamoo."

Alikaa chini pale pale kwenye mchanga. Petro alikuja anakimbia, na Minza akabonyeza ili sote tusikie.

"Uko wapi wewe?"

"Niko shuleni, mama. Naongea kwa simu ya mwalimu mkuu, ameichaji kwenye jenereta. Yangu ilizima nilipokuwa gatini na haijawaka tena. Walituzuia asubuhi ile, nikarudi shule. Watu wamelala madarasani humu, tumejaa, lakini wazima. Paa la ofisi limeondoka. Nyumba yangu ina maji."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Ubwabwa, mama. Mbona kuna kelele huko? Kuna sherehe?"

Minza alijifunika uso kwa khanga. Petro akachukua simu. "Tumekulilia usiku na mchana, mjinga wewe!" Machozi yalikuwa yanamtoka. "Watu wamefunga turubai!"

Lukasi akashangaa: "Mmenililia mimi? Mmechinja?"

"Tumechinja."

"Nani? Isije ikawa yule mbuzi wangu mweusi."

Petro alinitazama, mimi nikatazama ziwa. "Ndiye aliyekuwa karibu," akasema.

"Baba! Nilimwacha akue!"

Mwalo mzima ulicheka na kulia kwa pamoja, na wanawake wakapiga vigelegele ambavyo nadhani vilisikika Busisi. Nilivua kofia. Nilitaka kutoa sala ndefu, kama ilivyo desturi yangu, nikajikuta nasema asante, asante, mpaka Mzee Magesa akasema amina ili nipumzike. Hatukuwasahau wale ambao siku hiyo hawakupigiwa simu. Mzee Magesa mwenyewe ndiye aliyewataja.

Safari ya kurudi nilianza jioni ya siku hiyo, maana Yusufu alikuwa amemaliza chumvi yake. Turubai lilikuwa linakunjwa, na vijana walikuwa wanashusha mitumbwi majini, wana njaa ya kazi. Redio, iliyowekwa juu ya jiwe, ilikuwa bado inaongea. Yule mtaalamu wa polepole alisema kwamba katika Ziwa Victoria kunatarajiwa upepo mkali usiku huo, na wavuvi wachukue tahadhari. Mara nyingi nimesikia maneno hayo mwishoni mwa taarifa ya habari, na mara nyingi nimeona mtu akizima redio kabla hayajaisha.

Minza alikwenda akaketi kwenye ukingo wa mtumbwi wa mume wake, miguu ndani ya maji.

"Mama Lukasi, shuka," kijana mmoja akamwambia. "Siku za giza zinaisha na hatujavua kitu."

"Hamtoki."

"Upepo uko wapi? Tazama maji!"

"Nimeshalia kwa upepo ambao haujafika," akasema. "Nilikuwa sijui kwamba mtu akiambiwa mapema anaweza kukaa nyumbani. Sasa nimejua. Kaeni."

Kijana alimgeukia Petro, Petro akamgeukia Mzee Magesa. Mzee Magesa alitazama anga, akatazama ile redio, akaanza kukusanya taa. Niliingia garini wakiwa bado wanalalamika.

Nimerudi Kirumba, na hili ndilo nililojifunza na ninalowaandikia ninyi mnaonisoma hapa nyumbani. Kuambiwa mapema ni neema, lakini ni neema inayotaka mtu wa kukaa nawe wakati unangoja. Redio haiwezi kukaa na mtu, na simu ndiyo kabisa haiwezi. Tukimpelekea mtu habari ya kutisha, tuwe tayari kumfuata nayo mpaka mlangoni. Na tusimcheke anayeogopa, wala tusimwogopeshe anayecheka.

Kesho yake nilimpigia Minza kuuliza usiku ulikwendaje. Upepo haukuja. Ziwa lilikuwa shwari mpaka asubuhi, na mialo ya jirani ilitoka ikarudi na dagaa tele.

"Wanasemaje vijana wako?" nikamwuliza.

"Wananicheka, kaka. Tangu asubuhi wamejaa hapa uani kwangu, wananicheka." Nyuma yake nilisikia kelele zao. "Nimewatazama mmoja mmoja. Wamo wote."